Barua Yenye Harufu ya Mawese

Wino uliisha kwenye jina la arobaini na moja.
Kile kidau cha mhuri tulichoazima shule
kilikuwa kimeanza kukauka tangu mtihani,
na foleni ilikuwa bado imekaa juu ya magunia ya maharage,
watu na vidole gumba vyao.
Butoyi akaingia jikoni kwangu bila hodi,
akatoka na masizi ya chungu na kikombe cha mawese,
akakoroga kwa njiti.
"Andika," akasema. "Wino umepatikana."

Mimi ndiye katibu. Niliandika:
Sisi wakazi wa Nyakirango, wa Juu na wa Bondeni,
hatukatai umeme.
Hapo Bibi Yudesi akanikatiza: futa, mimi nakataa.
Sikufuta. Tulibishana mpaka chai ikapoa.
Hatukatai umeme, niliandika kwa mwanga wa simu
niliyoichaji Kasulu kwa shilingi mia tano,
ila nguzo zitapita juu ya mapaa yetu
kama mgeni anayeujua mlango na habishi hodi,
waya uende mjini, sisi tubaki na mvumo.

Mthamini alikuja mwezi wa kwanza na rangi ya kupuliza.
Akatia namba kila mchikichi wa marehemu Ruhwanya,
mia moja na nne, mia moja na tano,
na kaburi lake, kwa haraka zake, mia moja na sita.
Mjane hakulia. Alichukua gunzi na mchanga
akaisugua ile namba siku tatu.
Mvua ikinyesha bado inasomeka.

Kilimani wameshasimika mlingoti wa kupimia.
Mlinzi wake ni Bukuru, pacha wa Butoyi:
tumbo moja, sare kwa mmoja.
Analipwa kila tarehe tano, na kweli analipwa,
na watoto wa wote wawili wanakula sinia hilo hilo.
Jioni Butoyi humpandishia ugali wa muhogo na dagaa,
hukaa naye chini ya vile vikombe vitatu vinavyozunguka,
wala hawauongelei upepo.
Nani auongelee akiwa amekaa ndani yake?

Nami nimeupima, huo mnaoutaka.
Nimeupima kwa ungo: makapi yalianguka kwa jirani.
Nimeupima kwa moshi wa tanuri la matofali.
Nimeupima kwa kengele ya kanisa letu,
ambayo kiangazi husikika mpaka msikitini,
na hakuna aliyewahi kutudai.

Wilayani tulikaa benchi kutoka saa mbili hadi saa nane.
Ofisa akafungua bahasha, akanusa.
"Hii ni barua au mboga?"
Tukacheka naye, maana tulikuwa na njaa.
Kisha akafunua kurasa polepole,
vidole mia mbili na kumi na tisa,
mafuta yamepenya karatasi
hata jina la mtu likasomeka mgongoni mwa jina la mwenzake.
Akasimama kwenye cha mia na tisini.
"Hiki hakina mistari. Hiki si kidole cha mtu."

Bibi Yudesi akanyoosha mkono juu ya meza.
Miaka hamsini ya kukamua chikichi,
gumba limelainika kama kokwa iliyonyonywa na mtoto.
Hakusema kitu, yeye ambaye hanyamazi.
Akalichovya kwenye kidau cha ofisi, kizima, cha buluu,
akaligandamiza kwenye daftari la wageni:
doa, duara, tupu.
Ofisa akalitazama muda mrefu
kisha akatafuta mhuri wake.

Imepokelewa. Hilo ndilo neno tulilorudi nalo.
Huu ni mwezi wa tisa.
Mlingoti una taa nyekundu kileleni,
ndiyo taa pekee tunayoiona kutoka kitandani,
na mwanangu mdogo hujifunzia kuhesabu:
moja, giza, mbili, giza.
Nashindwa kumkataza.
Akifika ishirini, anasinzia.